Feni tulivu, uyoga wenye soko: Hesabu ya kufanya kabla ya kutoka Mbarara

NAKIVALE/MBARARA. Usiku katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ukuta mmoja mara nyingi ndio unaotenganisha familia na familia. Mkulima akiwasha feni ya mezani katika chumba cha uyoga, jirani hukesha. Kukicha, uyoga uliopigwa na upepo ule usiku kucha huwa umekauka kingo, na betri imekwisha.

Kwa mfanyabiashara anayenunua bidhaa Mbarara na kuzipeleka Nakivale au mpakani, hapo ndipo mtaji wake unapopimwa. Akiuza feni isiyofaa, mteja hupoteza mavuno, naye hupoteza mteja.

Nakivale ilianza mwaka 1958 kwa kupokea wakimbizi kutoka Rwanda. Leo Wakongo, Warundi, Wasomali na Waethiopia wanauziana sokoni, wengi kwa Kiswahili. Watu wameongezeka na vishamba vimepungua. Mwezi Mei 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilisitisha msaada kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda kwa kukosa fedha. Katika hali hiyo, zao linaloota ndani ya chumba kimoja si jambo dogo.

Uyoga mamama ni zao la namna hiyo. Hupandwa katika mifuko ya maganda ya mbegu za pamba, mabua au majani makavu ya migomba yaliyopikwa kwa mvuke. Kwa wiki mbili hadi nne mifuko hukaa gizani mpaka utando mweupe uenee. Baada ya hapo uyoga huanza kutoka, na shida ya hewa huanza.

Uyoga hupumua kama mtu: huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Hewa hiyo ikijaa chumbani, shina hurefuka na kofia hubaki ndogo, na mnunuzi hautaki. Lakini upepo mkali nao hufukuza unyevu, wakati uyoga unahitaji unyevu wa asilimia 80 hadi 95. Kwa hiyo kinachotakiwa ni hewa kubadilishwa polepole, bila upepo kuupiga uyoga.

Anza na ukubwa wa chumba

Tuseme chumba kina urefu wa mita 2.5, upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Zidisha, unapata mita 10 za ujazo. Hewa ikibadilishwa mara tano kwa saa, zinahitajika mita 50 za ujazo kwa saa.

Feni za kompyuta za milimita 120, zinazotumia volti 12, nyingi huandikwa kati ya mita 70 na 100 za ujazo kwa saa. Mfanyabiashara asidanganyike na namba hiyo, kwani ilipimwa bila kizuizi chochote mbele ya feni. Ukiweka wavu wa kuzuia nzi, kiasi hicho hushuka, pengine hata nusu. Lebo nyingine huandika CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika: zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.

Kelele hutokana na mwendo

Kelele hupimwa kwa desibeli. Ikipanda desibeli 10, sikio huisikia kama imeongezeka maradufu. Feni ya desibeli 20 hadi 30 haimwamshi mtu; ya 50 inamwamsha.

Kanuni ni rahisi: feni yenye mapanga makubwa inayozunguka polepole husukuma hewa sawa na ndogo inayokimbia, kwa kelele ndogo zaidi. Ukipunguza mwendo kwa nusu, hewa hupungua nusu, kelele hushuka takriban desibeli 15, na umeme unaotumika hushuka hadi sehemu moja ya nane. Ndiyo maana feni mbili za mwendo wa polepole ni bora kuliko moja ya mwendo wa kasi. Sharti ni moja: nguvu ya kusukuma nayo hupungua, hivyo wavu uwe mpana na matundu yasizibwe na vumbi.

Kwa mwenye sola, hesabu ndiyo inayoamua. Feni ya wati 3 ikifanya kazi saa 10 hutumia wati-saa 30. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na hata ukitumia nusu tu ili isife mapema, inatosha. Feni ya mezani ya wati 45 kwa muda huohuo hutumia wati-saa 450, mbali na umeme unaopotea kwenye inveta.

Kagua kabla ya kulipa

Dukani Mbarara, omba feni iwashwe kwa betri. Weka kidole kwenye fremu usikie kama inatetemeka. Izungushe kwa mkono ikiwa imezimwa: ikikwaruza, beringi ni mbovu. Feni iliyotumika ni rahisi, lakini beringi iliyochoka itapiga kelele baada ya wiki chache za unyevu.

Mweleze mteja aifunge iingize hewa safi, isiwe inavuta hewa ya ndani, ili vumbi la uyoga lisiizibe. Tundu la kutokea hewa lielekee nje, lisielekee chumba cha kulala, kwa sababu vumbi hilo huleta kikohozi. Vipande vya tyubu ya baiskeli kati ya feni na ukuta hupunguza mtetemo.

Mpakani

Mpaka wa Kikagati na Murongo uko wilayani Isingiro, na Mirama Hills hauko mbali. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hupata cheti rahisi cha asili ikiwa bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Feni iliyotengenezwa China haipati cheti hicho, hivyo ushuru uingie kwenye bei mapema. Uyoga wa Nakivale ni mazao ya Jumuiya, ila ulizia kwanza orodha na cheti cha afya ya mimea.

Mkimbizi hawezi kuvuka mpaka kihalali bila hati ya kusafiria, na wengi hawana. Anayepeleka feni Nakivale ndiye anayeweza kurudi na uyoga mkavu. Ndiyo maana feni nzuri humletea faida mara mbili: anapoiuza, na uyoga uliokua vizuri unapomrudia kama mzigo.