Muganga wa Watoto Wachanga Anajifunza Nini?

Ndugu musomaji, wewe unayeshuka chini ya udongo kutafuta mawe, ao uliye na baba ao kaka anayeshuka kule, unajua jambo hili: hewa ni ya kwanza. Mutoto anayezaliwa mbele ya wakati wake anapatwa na shida ya hewa pia. Mapafu yake hayajakomaa. Anavuta pumzi kwa nguvu, mbavu zinaingia ndani, anachoka.

Wengi wanafikiri kwamba kumusaidia kunaomba tu roho nzuri na chupa ya oksijeni. Sikilizeni habari hii.

Oksijeni iliyopofusha macho

Katika miaka ya 1940, hospitali kubwa za inchi tajiri ziliweka watoto wa namna hiyo ndani ya kuveze na kuwapa oksijeni nyingi. Waganga walitenda kwa upendo. Lakini watoto wengi waliopona walikuwa vipofu. Sababu haikujulikana. Mwaka wa 1951, Kate Campbell, muganga mwanamuke wa Melbourne, Australia, alilinganisha hospitali na hospitali. Aliona kwamba mahali oksijeni ilipotolewa kwa wingi, vipofu walikuwa wengi zaidi. Kiisha, mwaka wa 1953 na 1954, hospitali 18 za Marekani zilichunguza jambo hilo pamoja. Jibu lilikuwa wazi: oksijeni ya kupita kipimo iliharibu macho. Watoto karibu 10 000 walikuwa wamekwisha kupofuka.

Kumbe, upendo bila ujuzi unaweza kuumiza! Na waganga walipopunguza oksijeni sana kwa woga, watoto wengine walikufa kwa kuikosa. Ilibidi kujifunza kipimo.

Mutoto wa rais

Katika Agosti 1963, Patrick, mwana wa Rais John Kennedy wa Marekani, alizaliwa majuma tano na nusu mbele ya wakati. Alikufa kiisha masaa 39. Feza haikukosekana, dawa ndiyo haikuwako. Lakini tangu mwaka wa 1959 muganga Mary Ellen Avery alikuwa ameonyesha sababu: mapafu ya watoto hao yanakosa majimaji fulani, yenye kutenda kama sabuni, yanayozuia vifuko vya hewa visishikamane. Mwaka wa 1980, Tetsuro Fujiwara wa Japani alipatia watoto 10 dawa iliyotoka katika mapafu ya ng’ombe, na pumzi yao ikapata nafuu. Kutoka ulizo mpaka dawa, miaka zaidi ya 20!

Masomo marefu

Ndiyo maana masomo ya kazi hii ni marefu. Katika Marekani, mutu aliyekwisha kuwa muganga anajifunza magonjwa ya watoto miaka 3, halafu miaka 3 tena juu ya watoto wachanga walio katika hatari. Anakesha usiku karibu nao. Lakini anapaswa pia kufanya uchunguzi: kushika ulizo moja, kuhesabu, kulinganisha na kuandika ukweli, hata kama unapinga mambo aliyozoea.

Tusiseme kwamba uchunguzi ni wa matajiri tu. Mwaka wa 1978, kule Bogotá, Kolombia, kuveze zilikuwa chache. Muganga Edgar Rey aliwaomba mama wabebe watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi. Wengine walichunguza njia hiyo, na leo Shirika la Afya Ulimwenguni linaishauri pote, hata mahali penye mashini.

Basi, wazazi, mutoto akizaliwa mudogo sana, mumupashe joto kifuani na mukimbie hospitali. Na ninyi vijana, musizarau hesabu na kemia. Mutoto asiyeweza kusema neno anangojea mutu atakayeuliza kwa ajili yake.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

1. Sababu gani roho nzuri peke yake haikutosha katika habari ya oksijeni?
2. Ni nani katika jamaa yetu anapenda kuuliza maulizo? Tunamusaidia ao tunamunyamazisha?