Reli ya Bububu: Gari la Moshi Katika Mitaa ya Unguja na Suala la Jina Lake

Wengi wetu tuliopitia madarasa ya isimu tumewahi kusikia kisa hiki. Mhadhiri anafundisha tanakali za sauti, anatafuta mfano wa jina la mahali lililozaliwa na mlio, na papo hapo anapataja Bububu, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Husemwa kwamba hapo zamani gari la moshi lilikuwa likienda huko, na kwa kuwa injini yake ililia "bu-bu-bu", wenyeji wakapaita mahali pale kwa mlio huo. Kisa hiki kinapendeza, kinakumbukika, na kina faida ya kumzindua mwanafunzi aliyesinzia baada ya chakula cha mchana. Kasoro yake ni moja tu: si cha kweli. Makala hii inakusudia kueleza historia ya njia hiyo ya reli, ambayo wanafunzi wa Kiswahili huitaja bila kuijua, kisha ionyeshe kwa nini jina la Bububu haliwezi kuwa tunda lake.

Ni vyema kwanza tuweke wazi aina ya chombo tunachokizungumzia. Tramu ni gari la abiria lipitalo juu ya reli zilizolazwa katika barabara za mji, likigawana njia na waenda kwa miguu, punda na mikokoteni. Kabla ya kuja kwa umeme, tramu za miji mingi duniani zilivutwa na wanyama, na baadhi yake na injini za mvuke. Kwa kigezo hiki, Reli ya Bububu ilikuwa na sura mbili. Ndani ya mji ilikuwa tramu, kwa maana ilipita mitaani, ukutani kwa nyumba za watu. Ilipotoka nje ya mji ikawa reli ndogo ya mashamba. Waswahili hawakujisumbua na mpaka huo. Kwao chombo kilikuwa gari la moshi, jina lililounganisha neno la Kihindi na neno la Kibantu, nacho kilipita juu ya reli, neno la Kiingereza. Abiria waliketi ndani ya behewa, na hapa inafaa tusite kidogo. Behewa lilikuwa na makao mengine kabla ya kupanda reli: katika nyumba kubwa za mawe za mwambao, behewa ni ua wa ndani, uwazi uliozungukwa na vyumba. Wasemaji walipohitaji jina la chumba kiendacho, walilitoa nyumbani kwao.

Reli ya Bububu haikuwa ya kwanza Unguja. Mnamo 1879, wakati wa Sultani Barghash bin Said aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, reli ililazwa kutoka mjini kwenda kusini hadi kasri lake la Chukwani. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na baghala, yaani nyumbu yule azaliwaye na punda na farasi, si nyumbu wa Maasai Mara. Mnamo 1881 iliagizwa injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Tukizingatia kwamba ujenzi wa reli ya Tanga ulianza 1893 na ule wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa 1896, ni bayana kwamba Unguja iliwatangulia Wajerumani na Waingereza wa bara kwa zaidi ya mwongo mmoja. Hata hivyo, reli ya Chukwani ilikuwa chombo cha mtu mmoja. Barghash alipofariki 1888, safari zilikoma, na reli yenyewe ikaondolewa. Hivyo mji ulikuwa umeliona gari la moshi likija na likitoweka, miaka 17 kabla ya lile la Bububu kuanza kazi.

Aidha, msomaji wa Kenya hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa reli ya mitaani. Mombasa ilikuwa na yake. Mnamo 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kulaza reli nyembamba ya kwenda bara, ikaiacha baada ya maili chache. Vyuma hivyo vilitumiwa kujenga njia za mjini, kati ya Mji wa Kale na Kilindini, zikiwa na matawi hadi malangoni pa nyumba za maafisa. Juu yake vilipita vigari vidogo vyenye viti na paa la turubai, na aliyevisukuma hakuwa injini wala mnyama. Walikuwa wanaume, wakikimbia nyuma ya abiria aliyeketi kivulini. Mfumo huo ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Ajabu ni kwamba tunaikumbuka zaidi Reli ya Uganda na simba wake wa Tsavo kuliko jasho hili la mjini.

Turejee Unguja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza, iliyotangazwa 1890, na sultani wake alikuwa Ali bin Hamud, aliyetawala kuanzia 1902 hadi 1911. Waliojenga reli mpya, hata hivyo, hawakuwa Waingereza. Ilikuwa kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York. Jambo hili huwashangaza wengi, ilhali Wamarekani walikuwa wamefanya mkataba wa biashara na Seyyid Said tangu 1833, na kitambaa chao kikaacha neno katika lugha yetu: merikani. Kampuni ya Arnold Cheney yenyewe ilishughulika na pembe za ndovu, zilizopelekwa Marekani kuwa vibao vya piano, miongoni mwa mambo mengine. Kwa hiyo fedha za biashara iliyokuwa imewaangamiza ndovu wa bara ndizo zilizokuwa nyuma ya gari lililobeba watu wa Unguja kwenda mashamba.

Njia ilikamilika 1905. Urefu wake ulikuwa takriban maili 7, sawa na kilomita 11, na reli zake mbili zilitengana kwa futi 3. Ilianzia Ngome Kongwe, jirani ya Beit al-Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Wakati wa ujenzi, ngome hiyo iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno iligeuzwa ghala la vifaa vya reli. Kutoka hapo gari lilipita Malindi, katika mitaa iliyokuwa imejengwa kwa kipimo cha mtu na punda wake, si cha injini ya mvuke. Aliyewahi kutembea katika Mji Mkongwe atafahamu maana ya jambo hili: baraza ni kiti cha mtaa mzima, mlango hufunguka moja kwa moja njiani, na watu wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja ampishe mwenzake. Katikati ya maisha hayo ndimo ulimopita moshi, cheche na chuma. Gari lilipotoka mjini lilishika pwani kuelekea kaskazini, likapita Marhubi, palipokuwa na kasri la Barghash lililoungua 1899, likapita Mtoni, kisha likafika Bububu, kwenye mlango wa mashamba ya mikarafuu.

Faida ya njia hiyo ilitokana na umbo la kisiwa chenyewe. Mji uko magharibi, kwenye bandari. Mashamba yenye rutuba yako kaskazini na kati. Kwa hiyo reli iliunganisha pande mbili zilizotegemeana kila siku: mlaji na mkulima, meli na karafuu. Tofauti na reli ya Chukwani, hii ilimchukua yeyote aliyekuwa na nauli. Mnamo 1911 Serikali ya Zanzibar iliinunua kutoka kwa Wamarekani. Lakini barabara zilikuwa zinatengenezwa, na magari ya mafuta yalikuwa yameanza kuingia. Gari la mafuta halihitaji reli, linasimama popote abiria anapoinua mkono, na linageuka pale dereva atakapo. Huduma ya abiria ilikoma 1922. Kwa miaka michache zaidi injini zilibeba mawe ya ujenzi wa bandari, kisha reli ziking'olewa. Maisha yake yote, kwa abiria, yalikuwa miaka 17.

Sasa tuje kwenye jina. Hoja ya kwanza dhidi ya kisa cha mlio ni ya tarehe, nayo inatosha peke yake. Seyyida Salme binti Said, bintiye Seyyid Said, alizaliwa katika kasri la Mtoni mwaka 1844. Aliondoka Unguja 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mnamo 1886. Humo anasimulia maisha yake Bububu, alikokaa kwa muda kabla ya kuondoka kisiwani, na anapaita kwa jina hilo hilo. Kitabu kilichapishwa miaka 19 kabla ya reli kukamilika, na kinaeleza mambo ya miaka takriban 40 kabla yake. Hakuna injini iwezayo kupapa mahali jina kabla ya kuundwa. Wala reli ya Chukwani haiwezi kuokoa hoja hii, kwani ilielekea kusini, tena ilianza 1879, Salme akiwa ameshaondoka.

Hoja ya pili ni ya kimantiki. Injini iliyolia Bububu ililia pia Malindi, Marhubi na Mtoni. Kwa nini basi mlio uchague kituo cha mwisho, mahali ambapo injini hunyamaza? Na kwa nini mahali palipojulikana vya kutosha kupelekewa reli pawe hapana jina hadi reli ifike? Mwenendo wa kawaida ni kinyume chake: njia ndiyo hupata jina la mwisho wake. Kwa mantiki ya kisa hiki, kesho tutaambiwa kwamba mtaa wa Buruburu jijini Nairobi uliitwa hivyo kutokana na mngurumo wa matatu za nambari 58.

Jina limetoka wapi, basi? Eneo la Bububu ni eneo la chemchemi. Barghash alipoamua kuupatia mji maji safi, aliyatoa Chemchem, karibu na Bububu, akayaleta mjini kwa mfereji na mabomba. Lugha nayo inaelekeza huko huko. Kiswahili kina kundi la vitenzi vya mwendo wa maji vinavyorudia silabi: tiririka, chururika, bubujika. Katika vitenzi hivi msemaji husikia maji kabla ya kuyaona. Bubujika ndicho kitenzi cha chemchemi hasa, maji yatokayo ardhini kwa wingi na kwa mlio. Mtu asemaye kwamba Bububu ni tanakali, kwa hiyo, hajakosea. Amekosea kuhusu kinacholia. Hali kadhalika, kituo kilichotangulia Bububu kilikuwa Mtoni, jina la mto mdogo uliopita katika kasri alimozaliwa Salme. Pwani hii yote ilitambuliwa kwa maji yake.

Etimolojia ya umma, yaani maelezo ya asili ya neno yanayotungwa baada ya maana ya kwanza kufifia, si jambo la kudharau. Ina kanuni zake, na mtafiti wa fasihi simulizi anapaswa kuikusanya kama anavyokusanya ngano. Kwa maoni yetu, hiki ni kisa cha kizazi kilichokuta maji yakitoka bombani na reli zikiwa zimeng'olewa: chemchemi haikuonekana tena, bali kumbukumbu ya gari la moshi ilikuwa bado mbichi. Kosa letu wanataaluma ni kukichukua kisa hicho na kukiandika kama historia. Tunapofanya hivyo, Bububu inaanza 1905, siku kampuni ya New York ilipofikisha injini yake. Salme anafutika, Barghash na mabomba yake wanafutika, na pamoja nao wote waliochota maji pale kwa mitungi na kupapa mahali pale jina. Mwenyeji anageuzwa msikilizaji wa mashine ya mgeni, asiye na neno mpaka mashine iseme.

Wanaotunga kamusi za majina ya mahali, na wale watakaofundisha tanakali muhula ujao, wanaweza kuutumia mfano huu huu bila hasara yoyote: mlio ubaki, chanzo kibadilishwe. Wanaweza hata kuwapa wanafunzi zoezi la kutafuta majina mengine ya mwambao yaliyotokana na maji, nayo ni mengi.

Njia yenyewe haikufa pamoja na reli. Barabara ya kaskazini inapita Marhubi na Mtoni kama ilivyopita reli, na kwa miaka mingi daladala za njia hiyo zimejulikana kwa nambari 502. Juu ya kioo cha mbele, mahali pa kuandikwa mwisho wa safari, huandikwa Bububu.