Mtoto wako hutolewa wa kwanza kila mchezo? Badili kanuni, usimlazimishe kubadilika yeye

“Mama, mimi huwa nakaa tu.”

Hilo ndilo jibu alilonipa mwanangu wa miaka saba nilipomuuliza rede ya jioni ile ilikuwaje. Kwa siku kadhaa nilikuwa namwona akirudi ndani mapema kuliko wenzake, nikadhani amechoka. Kumbe mpira wa soksi ulikuwa unampata mapema, anatolewa, kisha anakaa kwenye baraza ya jirani hadi wenzake wamalize.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kumfanya awe mwepesi. Asubuhi mbili mfululizo nilimkimbiza kuzunguka nyumba. Siku ya tatu akasema tumbo linamuuma, na jioni hakutaka hata kutoka nje.

Ndipo nilipokaa mlangoni nikautazama mchezo wenyewe. Watoto wepesi walicheza muda wote. Wazito, wadogo na waoga walitolewa dakika za mwanzo. Yaani mtoto aliyehitaji mazoezi zaidi ndiye aliyecheza kidogo zaidi, na aliyehitaji kujifunza kuishi na wenzake alijifunza kukaa pembeni.

Mzazi, wengi wetu tunaamini mtoto akicheza na wenzake atajifunza ushirikiano wenyewe tu. Si mara zote. Inategemea kanuni ya mchezo inamfanya amhitaji mwenzake au inamtaka amwondoe.

Umri nao una maneno

Mtafiti wa Marekani, Mildred Parten, alieleza mwaka 1932 jinsi watoto wadogo wanavyocheza. Mdogo kabisa hucheza peke yake. Baadaye hucheza kando ya mwenzake bila kushirikiana naye, halafu huanza kuazimana vitu na kuzungumza, na mwisho hucheza kwa lengo moja na kugawana kazi.

Kwa hiyo usimgombeze mtoto wa miaka miwili kwa kukataa kutoa mpira. Bado hajafika huko. Kuanzia miaka minne au mitano wengi huweza mchezo wa pamoja, mradi kanuni ziwe chache.

Upande wa afya, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, zikiwamo 60 za kuhema na kutoka jasho. Kuanzia miaka mitano hadi 17, ni wastani wa dakika 60 za namna hiyo kila siku. Anayekaa barazani hazifikishi.

Michezo minne ya kuanza nayo

Mpira juu ya khanga. Unafaa kuanzia miaka minne. Watoto wanne hadi sita washike pembe na kingo za khanga kuukuu, weka mpira mwepesi katikati, waurushe juu na kuudaka kwa khanga hiyo hiyo. Hesabuni pamoja: leo mara tano, kesho mara nane. Mmoja akivuta kwa nguvu peke yake, mpira unaanguka. Hutahitaji kuwahubiria, wataona wenyewe.

Viti bila kutolewa. Mchezo wa viti na muziki unajulikana kwenye sherehe za watoto: muziki ukizima, asiye na kiti anatoka. Terry Orlick, mtaalamu wa saikolojia ya michezo wa Kanada aliyetoa kitabu cha michezo ya ushirikiano mwaka 1978, aliugeuza. Kiti kinaondolewa, mtoto anabaki, na wote lazima watafute namna ya kuenea kwenye viti vilivyosalia. Kwa usalama, nyumbani tumia vipande vya maboksi au mkeka uliokunjwa. Kila muziki ukizima unapunguza nafasi, na watoto wanabanana na kushikana wasidondoke “baharini”.

Rede ya kurudishana. Acha warushaji wawili na chupa ya kujazwa mchanga kama kawaida, ila ingiza watoto watatu au wanne katikati. Mmoja anajaza, wengine wanauvuta mpira upande wao. Anayepigwa anatoka, lakini chupa ikijaa wote waliotolewa wanarudi. Sasa aliye nje ana sababu ya kumshangilia aliye ndani, na mjazaji anajua anawajazia wenzake.

Kombolela. Huu hauhitaji kubadilishwa. Mmoja anafumba macho kwenye nguzo na kuhesabu, wengine wanajificha. Akimwona mtu anamtaja na kuwahi kugusa nguzo, na aliyetajwa anakuwa mateka. Lakini mmoja aliyesalia akiifikia nguzo kabla yake na kupaza sauti “kombolela!”, mateka wote wako huru. Chezeni mchana, na mkubaliane mipaka: hakuna kuvuka barabara, hakuna kuingia kwenye jengo linalojengwa wala karibu na kisima.

Kazi ya mzazi

Kwanza, usiruhusu manahodha wawili wachague wachezaji mbele ya wote. Kila mtoto huona nani amebaki wa mwisho. Wagawe kwa kuhesabu moja, mbili, moja, mbili. Changanya wakubwa na wadogo, wavulana na wasichana.

Pili, asiyeweza kukimbia apewe kazi ambayo mchezo hauendi bila yeye. Mwenye ulemavu wa miguu anaweza kujaza chupa, kurusha mpira au kuwa nguzo inayoguswa. Kumpa kazi ya kulinda ndala za wenzake si kumshirikisha.

Tatu, wakigombana subiri kidogo. Ubishi wa “umenigusa, hujanigusa” ni sehemu ya somo, na mara nyingi wataumaliza wenyewe. Ingilia kukiwa na ngumi, matusi, au mmoja akiandamwa na wengi.

Nne, akirudi nyumbani usiulize “umeshinda?” Uliza “nani alikusaidia leo?” na “wewe ulimsaidia nani?” Siku za kwanza atanyamaza. Endelea kuuliza.

Haya hayamaanishi mashindano ni mabaya. Watoto hupenda kushinda, na mashindano ya shule kama UMITASHUMTA yameibua vipaji vingi. Lakini wanaofika huko ni wachache, na mtoto wa darasa la kwanza anahitaji kwanza kupenda kucheza.

Kuhusu mwanangu

Jumamosi moja watoto wa mtaani kwetu walicheza kombolela. Mwanangu hakimbii, lakini anajua kutulia. Alijibana nyuma ya pipa la maji hadi wenzake wote sita wakawa mateka. Mtafutaji alipokwenda kuchungulia nyuma ya banda la kuku, mateka walianza kumwita mwanangu kwa jina, wote kwa pamoja. Alitoka na mwendo wake ule ule, mtafutaji akageuka, na sijui nani aligusa nguzo kwanza. Walibishana muda mrefu. Wale sita walisimama upande wake, hukumu ikapita, wakatawanyika kujificha upya.

Jumatatu walicheza rede ya zamani, akatolewa wa kwanza kama kawaida. Nilimtazama kutoka mlangoni. Hakwenda barazani. Alisimama kando ya mstari akimwelekeza mwenzake mpira unatokea wapi, na alirudi ndani giza lilipoingia, mchanga hadi masikioni.

Leo saa kumi jua likipungua, toa khanga moja kuukuu na mpira, waite na watoto wa jirani.