Leza na Macho: Si Kila Mwenye Miwani Anafaa

Mfanyakazi amesimama kituoni asubuhi na mapema akisubiri basi. Basi laja, lakini kibao chake hakisomeki mpaka lifike karibu kabisa. Naye anapokwisha kutambua kuwa ndilo lake, watu wamekwisha kujaa mlangoni. Mwenziwe, fundi cherehani mwenye umri wa miaka 48, huliona basi hilo tangu likiwa kwenye kona, ila kutunga uzi katika sindano kumemshinda. Wote wawili wamesikia habari za mwanga uitwao leza, ambao husemwa kuwa humwondolea mtu miwani kwa dakika chache. Je, utawafaa wote? La. Na sababu yake yafaa ijulikane kabla ya familia kutoa fedha zake.

Mbele ya jicho pana kioo chembamba kiitwacho konea, ambacho unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Mwanga huingia hapo ukapindwa, hupita katika mboni na lenzi iliyo nyuma yake, kisha hutua kwenye retina, yaani utando wa nyuma unaopokea picha. Jicho likiwa refu kupita kiasi, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na vitu vya mbali huonekana kwa ukungu. Miwani husahihisha njia hiyo ya mwanga. Leza nayo hufanya kazi iyo hiyo. Tofauti ni kwamba haiongezi kioo kingine, bali hukichonga kile cha asili.

Ugunduzi huu una kisa chake. Mwezi wa Novemba 1981, Rangaswamy Srinivasan, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya IBM huko New York, alichukua mabaki ya bata mzinga aliyeliwa nyumbani kwake siku ya sikukuu, akayaelekezea leza ya aina ya eksima. Mwanga wake, usioonekana kwa macho, ulikata nyama hiyo kwa unadhifu bila kuunguza kandokando. Mwaka 1983, yeye na daktari wa macho Stephen Trokel walionyesha kuwa konea nayo yaweza kuchongwa vivyo hivyo. Kila pigo la mwanga huondoa tabaka lililo jembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita.

Siku ya upasuaji mgonjwa halazwi usingizi. Hutiwa dawa ya matone ya kuondoa maumivu, na kope huzuiwa zisifumbe. Katika njia itumikayo sana, iitwayo LASIK, daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, akaufunua kama ukurasa wa kitabu, leza ikachonga chini yake kwa muda ambao kwa kawaida haufiki dakika moja, kisha utando hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Mgonjwa huenda nyumbani siku hiyo hiyo, akiwa ameonywa asifikiche macho.

Sasa tumrudie fundi wetu. Tatizo lake haliko kwenye konea. Mtu apitapo miaka 40, lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujirekebisha kwa vitu vya karibu. Kuchonga konea hakuilainishi lenzi hiyo. Kwake yeye, miwani ya kusomea ni dawa rahisi na ya hakika. Hali kadhalika mzee mwenye mtoto wa jicho: lenzi yake imeingia ukungu, na tiba yake ni kuitoa na kuweka ya bandia. Kumchonga konea ni kusafisha dirisha la mbele ilhali pazia la ndani ndilo lililofungwa.

Hata yule wa kituo cha basi hana budi kupimwa kwanza. Kijana ambaye namba ya miwani yake ingali ikibadilika asubiri. Mama mjamzito naye asubiri. Mwenye konea nyembamba mno, au iliyochongoka kama pia, hafai kabisa, kwa kuwa kuipunguza zaidi kwaweza kuidhoofisha na kumharibia uono. Baadhi ya waliofanyiwa hupata ukavu wa macho, au huona duara za nuru kuzunguka taa usiku. Kwa wengi hali hiyo hupungua baada ya miezi kadhaa, lakini si kwa wote. Na jambo kubwa ni hili: miwani isiyokufaa huvuliwa, bali konea iliyochongwa hairudishiwi kilichoondolewa.

Tena, jicho refu hubaki refu hata baada ya leza. Retina yake yaweza kubanduka. Kwa hiyo mtu akiona ghafla vimulimuli, nukta nyeusi nyingi zinazoelea, au kivuli kama pazia, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, hata kama aliacha miwani miaka mingi iliyopita.

Basi, ndugu msomaji, usianze kwa kuuliza bei ya leza. Anza kwa kupimwa, na umwulize daktari maswali matatu: Kasoro yangu iko sehemu gani ya jicho? Konea yangu ina unene wa kutosha? Nikifika miaka 45 nitahitaji miwani tena? Daktari anayekujibu kwa subira, na aliye tayari kukuambia kuwa hufai, ndiye wa kumkabidhi macho yako.