Urembo wa Rangi kwa Gharama Nafuu (Sehemu ya Pili): Shanga, Vitenge na Kazi ya Mikono Machimboni

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilizungumzia nguo: namna ya kuchagua kitenge, kanga na mtumba mnadani bila kumaliza fedha. Leo ni zamu ya mapambo: hereni, bangili na vidani.

Katika kata ya Mwakitolyo, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, wanawake wamo katika kila hatua ya kazi ya wachimbaji wadogo. Wapo wanaoponda mawe, wapo wanaoosha udongo, na wapo mama lishe wanaowapikia walioko kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Dhahabu inayopita mikononi mwao ni wachache wanaoivaa. Lakini watu wa ukanda huu walijua kujipamba, na kujipamba kwa rangi, zamani kabla ya watu kuanza kukimbilia dhahabu.

Mwanzoni mwa mwaka 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alikuwa Zanzibar akijiandaa kwenda bara kumtafuta mpelelezi Livingstone. Kabla ya kununua shanga za kulipia chakula njiani, ilimbidi aulize kila nchi inapenda rangi gani. Akaambiwa kwamba Unyamwezi wanazitaka samesame, yaani shanga nyekundu, na nyingine wanazikataa. Ugogo walipokea nyeusi, ambazo kwingine hazikuwa na thamani. Msafara uliokosea rangi ungeweza kulala njaa wenye mizigo ya shanga tele. Mpelelezi Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, naye aliandika habari za sambo, vikuku vya waya mwembamba vilivyosukwa na mafundi wa bara.

Kwa hiyo anayetafuta mtindo wake leo hana haja ya kuanzia mbali. Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na yanahifadhi mapambo na mavazi ya ngoma za Bagika na Bagalu. Kila mwaka, majira ya sikukuu ya Ekaristi, hapo hufanyika Bulabo, tamasha ambalo vikundi vya ngoma hushindana mbele ya umati. Mtazame mchezaji mmoja tu: rangi zake ni chache, lakini zinapigana vizuri, nyekundu kwa nyeupe, nyeusi kwa nyeupe. Kanuni hiyohiyo inafaa kwa gauni la mtumba la rangi moja. Livalie kidani chekundu na hereni nyeupe, nalo litaonekana jipya.

Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya machimboni unatoka Kampala. Eneo la Kireka, katika mtaa unaoitwa Acholi Quarter, waliishi wanawake waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda. Wengi wao waliponda kokoto kwenye machimbo ya mawe kwa ujira mdogo sana. Baadhi wakaanza kukunja shanga za karatasi, na kuanzia mwaka 2004 shirika la BeadforLife likawasaidia wengi kuziuza hadi Marekani. Karatasi zilizokuwa za kutupwa zikawa karo na kodi ya nyumba.

Shanga hizo ni rahisi kutengeneza. Karatasi ya gazeti au kalenda ya rangi hukatwa vipande virefu vya pembetatu. Kipande hukunjwa kwa kukazwa kwenye kijiti cha meno, kuanzia upande mpana, na ncha hubandikwa kwa gundi. Kikishakauka hupakwa vanishi mara mbili au tatu, na kila mara huachwa kikauke. Kutungia, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki hufaa sana, na kwa watu wa Kanda ya Ziwa si kitu cha kutafuta mbali.

Bangili za kitenge ni nafuu zaidi. Omba mabaki kwa fundi cherehani, kisha kata pete mbili za upana wa vidole viwili kutoka kwenye chupa ya maji na uzipachike moja juu ya nyingine. Zungushia utepe wa kitenge uliokatwa kwa hanamu, kwa kuwa kitambaa kilichokatwa hivyo huvutika na kulala vizuri kwenye mviringo. Malizia kwa mshono wa mkono upande wa ndani. Mabaki hayohayo yakibandikwa juu ya kadi ngumu ya duara na kutiwa kulabu, huwa hereni zinazoshabihiana na bangili.

Tahadhari moja ni ya lazima machimboni. Chupa, ndoo au waya uliogusana na zebaki au sianidi usitumike kwa pambo lolote, hata ukioshwa. Pambo hukaa juu ya ngozi siku nzima, na watoto hulitia mdomoni.

Wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa biashara waungane na kuandikisha kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni haki yao kuziomba, na waponda mawe wa Mwakitolyo wasiogope kuzifuata.