Fahamu: Kujirusha majini kutoka mwambani

Ni kuruka kutoka kwenye jabali na kutua majini, bila kamba wala mwavuli. Katika mashindano ya dunia ya michezo ya majini, yaliyoingiza mchezo huu mwaka 2013 mjini Barcelona, wanaume huruka kutoka mita 27 na wanawake mita 20. Hutanguliza miguu, na waokoaji huwa tayari majini.

Raha yake

Wazanzibari hawahitaji maelezo. Jioni pale Forodhani, vijana wa makachu hukimbia, hujipindua hewani na kutumbukia baharini huku watu wakishangilia. Lakini wanaijua bahari yao: maji yakitoka, hakuna kuruka.

Kwa nini Singida ni hatari

Mawe makubwa ya Ziwa Singidani yanatamanisha, tusidanganyane. Tatizo ni maji. Ziwa hili la chumvi lina kina kifupi, na kina hicho hubadilika kati ya masika na kiangazi. Palipomfika mtu kifuani mwaka jana, leo huenda pakamfika magotini, na jiwe lililozama halionekani.

Mwili unapatwa na nini

Kutoka mita 10, mtu hugonga maji kwa kasi ya takriban kilomita 50 kwa saa. Kutoka mita 27, zaidi ya 80. Kichwa kikigonga chini, shingo inaweza kuvunjika, na kupooza kunaweza kuwa kwa maisha.

Mwenzako akiumia, weka uso wake juu ya maji aweze kupumua, usimpindishe shingo, kisha piga 114, Zimamoto na Uokoaji.