Je, Wajua? Pesti ya Lehemu Ni ya Kuoshwa Mikononi Kuliko Kuogopwa Puani

Mtazame fundi anayelehemu bodi ndogo kwa oveni au bloa, na ile dakika ya mwisho usipepese macho. Ute wa kijivu aliopaka chini ya vipuri hufuka moshi, huonekana kama umekauka, kisha ghafla hung'aa. Kipuri kilichokaa upande hujizungusha chenyewe na kunyooka. Hakuna uchawi hapo: lehemu ikiyeyuka, mvutano wa uso wake hukivuta kipuri hadi kikakaa sawa juu ya shaba.

Ute huo ndio pesti ya lehemu. Ndani ya sirinji utadhani ni dawa ya meno iliyochanganywa na majivu, ila karibu asilimia 90 ya uzito wake ni metali. Metali hiyo imegeuzwa kuwa vitufe vya maikroni 20 hadi 45, ambavyo jicho halivioni kimoja kimoja. Ukichukua vya maikroni 30, gramu moja ya metali hiyo ina zaidi ya milioni nane. Kinachobaki ni fluksi, yaani mchanganyiko wa utomvu wa msonobari, viyeyushi na kemikali za kula kutu ya shaba.

Wengi wakisikia kwamba metali ya pesti ya kawaida ina asilimia 37 ya risasi, kitu cha kwanza huziba pua. Lakini risasi huchemka kwa nyuzi joto 1,749. Pesti hiyo huyeyuka kwa 183, na hapo risasi haitoi mvuke wa kutia hofu. Moshi unaouona ni wa fluksi, na una madhara yake: moshi wa utomvu huo unajulikana kuleta pumu kwa mafundi, na mwili ukishaukataa, hata kiasi kidogo hubana kifua. Feni iwekwe ivute moshi na kuutoa dirishani, isimpulizie fundi usoni.

Risasi yenyewe huingilia mdomoni, ikiletwa na vidole. Hapa ndipo pesti inapoishinda kwa ubaya lehemu ya waya. Vitufe vyake hujipenyeza kwenye mikunjo ya ngozi na chini ya kucha, kisha vikafuata andazi la saa nne. Tone lililokaukia mezani huachia unga, na mtoto anayetambaa chini ya meza haulizi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwili huipokea kama kalsiamu na kuihifadhi mifupani kwa miaka mingi.

Basi vaa glavu za naitraili, na ukiwa nazo usishike simu wala kitasa cha mlango. Glavu iliyochafuka ni mkono mchafu tu. Pesti iliyomwagika ifutwe ikiwa bado mbichi, kwa karatasi yenye spiriti. Usiipulize, usiifagie. Ngozi ioshwe kwa maji na sabuni. Oveni ikishatumika kwa bodi hata mara moja, mkate usirudi humo tena, kwa sababu mvuke wa fluksi huganda kwenye kuta zake.

Pesti nyingi huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 10, na friji la chakula si mahali pake. Ikitolewa, iachwe ipate joto la chumba kabla ya kufunguliwa. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa hutua ndani yake, na kwenye moto maji hayo huchemka na kurusha matone ya lehemu iliyoyeyuka.

Kuna pesti zisizo na risasi, zilizoenea baada ya Umoja wa Ulaya kuibana risasi katika vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006. Ile ya bati, fedha na shaba huanza kuyeyuka kwa nyuzi 217, kwa hiyo hudai joto zaidi. Ya bati na bismathi huyeyuka kwa 138 tu, na kwa anayejifunza nyumbani naiona ndiyo nafuu. Ina mtego mmoja: bismathi ikikutana na risasi ya zamani kwenye bodi, mchanganyiko unaweza kuyeyuka karibu na nyuzi 96, chini ya maji yanayochemka. Unapotengeneza amplifaya inayopata moto, nyonya kwanza lehemu yote ya zamani kwa utepe wa shaba, ndipo upake mpya.